Kinachoulizwa

Mwezi wa kwanza niliuza viatu,
kwa sababu Mhoja aliuza viatu
na Mhoja ana pikipiki.
Nilipiga picha kumi na nne juu ya shuka jeupe,
nikaandika chini yake: Jipatie sasa.
Isevya nzima ilikuwa imeshajipatia kwa Mhoja.
Jozi tatu ziko bado chini ya kitanda,
namba thelathini na sita, zinatazama mlango.

Mwezi wa pili, asali.
Asali! Tabora!
Mahali ambapo kila mtu ana mjomba Sikonge
na kila mjomba ana mizinga yake porini.
Nikasema basi nitawauzia wa mbali.
Wa mbali hawana kidole cha kuchovya kwenye simu.
Wakauliza swali moja tu, wote, kama waliopanga:
Nitajuaje kama si sukari?
Debe zima tulilimaliza kwa chai.

Nikabaki na elfu sitini na bando la wiki.

Siku hizo nilishinda kwa Shangazi Kalunde, Ng'ambo,
kwenye kibanda chake cha kufufua cherehani.
Nilikwenda kwa ajili ya kivuli, niseme kweli,
na kwa sababu pale hakuna aliyeniuliza biashara inaendaje.
Shangazi haongei akiwa na bisibisi mdomoni.
Akiitoa, neno lake ni moja:
Hakuna.

Shato la cherehani ya miguu? Hakuna.
Lilikuwepo kwa Saleh, Saleh kafunga.
Mkanda wa ngozi? Hakuna.
Boksi la bobini, la ile nyeusi ya zamani?
Hakuna, baba. Jaribu Mwanza.

Siku ya tatu nilianza kuandika.
Sijui kwa nini. Daftari lilikuwa la madeni ya asali,
nikaligeuza nyuma mbele:
Jumatano, shato, watu wawili.
Alhamisi, mkanda, mmoja, katoka Urambo,
kabaki na nauli ya kurudi tu.
Ijumaa, bobini, bobini, meno, shato.
Ijumaa hiyo hiyo nilimwona mwanamke
akibeba kichwa cha cherehani mgongoni, kwa kanga,
kama anayempeleka mtoto kliniki,
akirudi nacho kilevile, kimelala.

Wiki tatu. Mistari arobaini na moja.
Hakuna hata mmoja aliyeulizia viatu.

Mhoja alicheka hadi akaegemea pikipiki.
Soko la watu wangapi hilo, dada?
Wazee na vyuma vyao?
Sikuwa na jibu la kumnyamazisha.
Nilikuwa na mistari arobaini na moja
na elfu sitini ambayo si laki sita.
Pale stesheni reli inagawanyika:
huku Kigoma, huku Mwanza.
Behewa halikati tiketi mbili.

Niliagiza shato kumi, Dar, kwa basi.
Shangazi akazigusa moja moja kwa ukucha wenye mafuta,
nne akazisukuma pembeni.
Hizi bati. Rudisha.
Nikampiga picha, mkono wake tu, ukipima.
Chini nikaandika: Shato la cherehani nyeusi.
Limejaribiwa na fundi. Halikushona, narudisha hela.
Nikaweka simu kifudifudi, nikaenda kuosha vyombo.

Siku mbili, kimya.
Ya tatu, mtu wa Nzega aliuliza bei, akapotea.
Ya tano, namba nisiyoijua, kutoka Kibondo,
maandishi yote bila nukta wala mkato:
mwanangu hiyo kitu unayo kweli au ni picha

Ninayo, nikajibu.
Akatuma elfu tisa usiku huohuo,
nami sikulala, nikiogopa basi, nikiogopa boksi,
nikiogopa Kibondo yote.

Faida yake nimeipiga hesabu: elfu mbili na mia tatu,
ukitoa kifurushi, ukitoa soda ya kondakta.
Haijanunua pikipiki.
Viatu viko palepale.

Lakini jana, saa kumi na moja alfajiri,
kabla hata jogoo wa jirani hajaanza fujo zake,
simu ilitikisika mezani.
Neno moja, bila salamu:

limeshona